Dagaa Unauza, Kiepe Unakula: Tizi na Msosi Mwisho wa Reli

Kila alfajiri pale Kibirizi na Katonga mitumbwi inarudi na dagaa wanaogombaniwa kuanzia Kariakoo mpaka Lubumbashi. Wanapimwa, wanaanikwa, wanafungwa kwenye magunia, wanasepa. Jioni ukipita Mwanga unamkuta mwana yuleyule aliyeshusha ndoo za dagaa asubuhi amekaa kwenye kiti cha plastiki, anashushia kiepe yai kwa soda ya baridi, halafu anakwambia mwili umechoka mbaya, labda malaria. Kapime kweli, maana Kigoma malaria haina utani. Ila kipimo kikirudi safi, geukia sahani yako: proteni imepanda lori imeenda Dar, wewe umebaki na viazi na mafuta.

Kiepe yai kitamu, hapo sibishani na mtu. Ninachosema ni kwamba Kigoma ni moja ya sehemu chache Bongo ambako mtu asiye na mkwanja anaweza kula na kupiga tizi kama mchezaji wa Ligi Kuu. Mlima upo, ziwa lipo, dagaa wapo, mawese yapo, maharage yanashuka kutoka Kasulu na Buhigwe. Kila kitu kipo mlangoni, sisi tunakivuka kwenda kununua uchovu wa bei ghali.

Makopo ya Dar na dagaa wa Kibirizi

Siku hizi mwana akinyanyua vyuma wiki mbili tu anaanza kuulizia yale makopo ya unga wa proteni. Kifua bado hakijachomoza, ila bei ya kopo tayari anaijua kwa kichwa. Sasa twende kwenye hesabu. Kijiko kimoja kikubwa cha ule unga kina proteni kama gramu 20 hadi 25. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni proteni, inaweza kufika gramu 60 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo gramu 40 za dagaa wakavu zinakupa kilekile kilichomo kwenye kijiko cha kopo, na bado dagaa anakuongezea chenji: unamla na mifupa yake, ndani kuna kalsiamu, kuna chuma, kuna zinki, kuna yale mafuta mazuri ya samaki yanayosaidia moyo. Kopo halina mifupa.

Mahitaji yenyewe si makubwa kiasi cha kukutisha. Mtu mzima wa kawaida anahitaji proteni kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Ukiwa na kilo 65, hiyo ni kama gramu 52. Anayepiga tizi la nguvu anapanda mpaka gramu 1.2 au 1.6 kwa kilo, yaani gramu 80 hadi 100 na kitu hivi. Dagaa mchana, maharage usiku, yai asubuhi ukiwa na uwezo, na uji wa karanga: umeshafika au umekaribia, bila kudaiwa na mtu.

Kwenye kununua, tumia akili. Dagaa walioanikwa chini wanakuja na ufuo mzima, unatafuna unasikia kokoto. Walioanikwa juu ya chanja ni wasafi, hawakanyagwi na kuku, na mvua ikinyesha wanafunikwa haraka. Kule mwaloni biashara yenyewe iko hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nikufungie wa ngapi?"

"Wa buku mbili. Hawana mchanga hawa?"

"Hawa wa chanja. Tia mmoja mdomoni ujionee mwenyewe."

Unatia, unatafuna. Ukisikia ulaini wa samaki na kachumvi kwa mbali, funga mzigo. Ukisikia kwaruu kwenye jino, shukuru na usogee meza ya pili.

Kupika nako si lazima bi mkubwa awe karibu. Wachambue, waoshe haraka kwa maji ya moto, wachuje. Weka sufuria, kijiko kimoja cha mawese, kitunguu kikatwe vipande, nyanya mbili zichemke mpaka ziive kabisa. Mwaga dagaa, koroga dakika kadhaa, usiwafunike wakalegea. Kamulia limau ukishaepua. Pembeni weka mchicha au kisamvu, katikati nguna. Hiyo sahani mtu wa Masaki anailipia hotelini akiwa amevaa miwani ya jua.

Jambo moja la kuweka akilini: ziwa nalo linapumzika. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na waliokuwa wanategemea mboga moja tu walipata tabu. Mwenye akili anaweka gunia dogo la maharage na kisado cha dagaa wakavu mapema, ziwa likifungwa hababaiki.

Muhogo, mawese na chumvi

Nguna ya muhogo ni ya kwetu na inashibisha kinoma, lakini ijue tabia yake. Unga wa muhogo una proteni kama asilimia 2 tu, wakati wa mahindi unagonga kama asilimia 8. Muhogo ni mafuta ya injini, hauna vifaa vya kujengea bodi. Ukila nguna kubwa na mchuzi wa rangi tu, umeshiba lakini misuli imelala njaa. Punguza mlima wa ugali, ongeza mboga, sahani iwe na pande tatu zinazoonekana. Na muhogo mchungu lazima ulowekwe siku za kutosha na ukauke sawasawa kabla ya kusagwa, maana una sumu ya asili. Wazee hawakuwa wanaloweka kwa kupoteza muda.

Mawese ndiyo sifa ya mkoa. Ule wekundu wake ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na kinga. Wale wanaoyachemsha mpaka yanakuwa meupe kama maji wanachoma kitu chenyewe cha maana. Upande wa pili, karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu ukizidisha. Kijiko kimoja cha kuungia, freshi. Sufuria inayoelea mafuta mpaka unajiona sura, hiyo unamwandalia kazi daktari.

Halafu kuna chumvi. Wilaya ya jirani, Uvinza, watu wamepika chumvi kwenye chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, misafara ya zamani ilikuwa inaifuata hukohuko. Kwa hiyo chumvi tumeizoea toka enzi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kila kitu kikihesabiwa. Mgebuka wa chumvi, kiepe kilichonyunyiziwa mara mbili, na kile kikopo cha chumvi kinachozunguka mezani: umevuka mpaka kabla jua halijazama. Mgebuka wa chumvi uloweke, mwaga yale maji, ndipo upike. Na ukinunua chumvi, chukua yenye madini joto.

Kwa wadada, na hata washkaji wanaosikia kizunguzungu wakisimama ghafla: chuma kwenye dagaa, kisamvu na maharage kinaingia mwilini vizuri ukila pamoja na kitu kichachu, kama limau, chungwa, au embe la Ujiji msimu ukifika. Kahawa ya kijiweni na chai ya rangi zinazuia hicho chuma. Kahawa hatuiachi, Ujiji bila kahawa haitakuwa Ujiji, ila ipe saa moja baada ya msosi.

Tizi bila jimu

Misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilikuwa inatembea zaidi ya kilomita elfu moja, na wapagazi walikuwa na mzigo kichwani. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 kumkuta Livingstone, sifa akabeba yeye, lakini miguu iliyofanya kazi ni ya wale wapagazi. Leo mwana anatoka Rusimbi kwenda sokoni anaita boda.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa kiasi kila wiki, na siku mbili za kukaza misuli. Dakika 150 ni nusu saa mara tano. Mwendo mdundo wa haraka, ule wa kuwahi treni, unahesabiwa. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kuongea na mshkaji wako, ila kuimba huwezi.

Mlima tumepewa bure. Simama stesheni, lile jengo la Mjerumani ambako reli inaishia toka 1914, angalia barabara inavyopanda kwenda Mwanga. Hiyo ndiyo mashine ya kukimbilia, na umeme wake haukatiki. Wiki ya kwanza panda kwa kutembea. Wiki ya pili kimbia kutoka nguzo moja hadi nyingine, nguzo inayofuata tembea. Kushuka usijiachie kama lori lililokatika breki, maana kushuka ndiko kunakopiga magoti. Fupisha hatua, kunja goti kidogo.

Muda nao uko tofauti na Dar. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi, jua linachelewa kutoka na linachelewa kuzama. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa Dar wanakimbia Coco kweupe, huku bado giza, na magari hayakuoni. Subiri saa moja kasoro, au hamishia tizi jioni, mwanga unabaki mpaka kwenye saa moja.

Vyuma je? Kitaa kila mtaa una uwanja wake wa nyuma ya nyumba: bomba la chuma, huku na huku makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuachwa yakauke. Yanafanya kazi, tusidanganyane. Ila angalia mawili. Moja, makopo mawili yaliyojazwa kwa macho hayalingani uzito, bega moja linakua, lingine linalia. Yapimeni kwenye mzani wa dagaa kabla zege halijakauka. Mbili, usimpandishie mtu chuma kifuani bila mwana wa kumshikia. Na kama hamna chuma kabisa, mwili wako unatosha: pushapu, skwati, planki, na pulapu kwenye tawi la mwembe lililo imara. Piga kila moja mpaka ubakize mbili au tatu za akiba, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara tatu. Misuli uliyoipiga leo ipe kama saa 48 kabla ya kuirudia, kwa sababu inakua ukiwa umepumzika.

Kwa wenye kabumbu kwenye damu, ndondo za mtaani ni tizi la uhakika. Mashujaa FC wako Ligi Kuu toka msimu wa 2023/24 na wanachezea hapahapa Lake Tanganyika, hamasa ipo. Tatizo la ndondo ni mtu kutoka kijiweni moja kwa moja kuingia kucheza, dakika ya tano paja limekamata. Dakika kumi za kupasha mwili moto hazikupunguzii ushujaa. Wadada nao wapewe nafasi uwanjani, netiboli au kukimbia kwa kundi, bila midomo ya kijiweni kuwafuata. Mtu akipita anakimbia, salimia au kaa kimya.

Ziwa si beseni

Tunaishi pembeni ya ziwa ambalo kina chake kirefu kinafika mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Kuogelea ni tizi la mwili mzima na magoti hayaumii, yaani kwa mtu mzito au aliyeumia goti, ziwa ndilo kocha. Lakini ingia kwa heshima. Sehemu nyingi za ufuo zinashuka ghafla, hatua moja uko kiunoni, ya pili hujui. Ogelea sambamba na ufuo, usielekee Kongo. Miezi ya kiangazi, Mei mpaka Agosti na zaidi, upepo wa kusi unaamka na mawimbi yake hayana ushkaji. Usiingie peke yako, usiingie umelewa.

Na chagua maji. Sehemu zenye matete na maji yaliyotulia ndiko wanakokaa konokono wanaobeba kichocho, na vidudu vyake vinapenya ngozi bila wewe kusikia kitu. Maji ya wazi, yenye mawe na mawimbi, hatari yake ni ndogo. Ukiona damu kwenye choo au kwenye mkojo, usinywe mizizi ukajifariji, nenda kituo cha afya, dawa ipo na inatibu. Karibu na midomo ya mito kama Luiche kuna mamba, hapo hata hatujadili.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama ziwa linaonekana safi mpaka unaona mawe ya chini. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi waliporundikana Kagunga, kipindupindu kiliua watu kwenye ufuo huuhuu. Sabuni kabla ya kula, sabuni ukitoka chooni.

Kuchoka si kufanya mazoezi

Hapa kuna wana watabisha: "Mimi navuta nyavu usiku kucha, tizi la nini?" Swali la maana. Mvuvi ana mgongo na mikono ya chuma, hilo halina ubishi. Ila anavuta upande uleule, mkao uleule, halafu anakesha, anaingiza enaji mbili kichwani, anakula mara moja. Mwili unachakaa kabla ya umri. Anachohitaji ni kunyoosha mgongo na mapaja dakika kumi akishuka, kushika mzigo kwa magoti badala ya kiuno, na kulala mchana sehemu yenye giza na utulivu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na mwili haukubali kudanganywa kwa kopo. Enaji ni kafeini na sukari, inakukopesha leo inakudai kesho. Usiku wa mbalamwezi, taa zikiwa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika, hela isiishie baa yote. Pitia zahanati upime presha na sukari. Presha haikupigi hodi, unaweza kutembea nayo miaka.

Wa boda yeye ana shida ya kinyume. Kutwa nzima amekaa, kiuno kimekunjwa, vumbi linaingia, tumbo linatangulia mbele ya usukani. Mwanangu, kila ukisubiri abiria shuka kwenye pikipiki. Skwati kumi na tano, nyoosha kiuno nyuma, zunguka kijiwe mara mbili. Watakucheka siku mbili, ya tatu wawili watajiunga.

Ratiba ya mtu asiye na mkwanja

Jumatatu na Alhamisi: pushapu, skwati, pulapu, planki, dakika 30.

Jumanne na Ijumaa: mwendo mdundo wa haraka au mlima wa Mwanga, dakika 30 hadi 40.

Jumatano: pumzika, nyoosha mwili, lala mapema.

Jumamosi: ndondo, kuogelea, au kukimbia kwa kundi. Jumamosi ya pili ya mwezi ndiyo iliyotangazwa kitaifa kuwa siku ya mazoezi toka Desemba 2016, Samia alipozindua kampeni hiyo akiwa Makamu wa Rais, kwa hiyo hata bosi hana cha kulalamika.

Jumapili: kula na familia, pika wewe.

Na soda? Chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Tuseme unainunua buku, kila siku moja, mwezi ukiisha umekunywa elfu 30. Hiyo ni raba ya mtumba iliyo nzima, au dagaa wa chanja wa kutosha wiki kadhaa. Sisemi uache milele, sherehe ipo na maisha ni bata pia. Ifanye ya Jumapili, siku nyingine maji.

Basi Jumamosi hii, saa moja asubuhi, stesheni. Mwenye raba atakimbia, mwenye yeboyebo atatembea, na wa mwisho kufika Mwanga ananunulia wote maji.